Diski Niliyoipaka Rangi

Jumanne ya kwanza baada ya Pasaka, saa nne kasoro asubuhi, radi ilipiga mlingoti wa redio wa ofisi yetu ya Ngara, na tukapoteza kompyuta pekee iliyokuwa na orodha ya watoto. Ilikuwa miaka ile wakimbizi Warundi walipoanza kurudi kwao kwa malori. Mwaka wenyewe sitauandika, kwa sababu mimi na mke wangu tunabishana juu yake, na sipendi kuandika kitu nisichokuwa na hakika nacho.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana wa karakana wameniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa zamani, kabla kila mtu hajawa na kompyuta mfukoni. Vyeo sitavieleza, vilikuwa viwili tu, na cha pili kilikuwa kile cha kwanza kilichobadilishwa jina. Nitaeleza habari ya diski moja, na ya Dada Adelina aliyenifundisha kazi. Yeye hakuwahi kustaafu. Aliugua akiwa bado kazini, tukamzika kwao Bisibo, na bisibisi yake ya mpini wa njano ninayo mimi hadi leo. Hilo nimekwisha kulisema, tuendelee.

Niliajiriwa kwa sababu ya mwandiko. Elimu yangu ni darasa la saba, lakini kwetu Bukiriro mimi ndiye niliyekuwa naandika majina kwenye misalaba ya makaburi, na mtu wa ofisi aliyekuja mazishini aliona herufi zangu zimenyooka. Wiki iliyofuata nilikuwa stoo, nimepewa kopo la rangi nyeupe ya mafuta, kopo la nyekundu, brashi mbili, na sheria moja. Sheria ilikuwa hivi: kila mali ya ofisi inayoweza kubebwa ipakwe mraba mweupe, na juu yake iandikwe namba kwa rangi nyekundu. Kabla ya kupaka, nakili kwenye rejista ya mali maandishi yote yaliyo juu ya kitu hicho, neno kwa neno, kama yalivyo, hata kama huyaelewi. Vitu vilikuwa vikiibwa na kubadilishwa kila siku, na rejista ndiyo iliyokuwa shahidi.

Niliipenda sheria ile. Nilipaka viti, toroli, birika, sufuria, vitanda vya zahanati, na ngazi. Siku ya nne nilipaka baiskeli nzuri aina ya wanaume iliyokuwa imeegemezwa ukuta wa stoo. Haikuwa ya ofisi. Ilikuwa ya Mzee Sospeter, dereva wa lori, mtu wa Biharamulo, mrefu, mwenye sauti ya kuita watu upande wa pili wa bonde. Alipojaribu kutoka nayo getini, askari alimzuia: ina namba. Kuirudishia jina lake kulihitaji barua tatu na miezi mitano, na muda wote huo baiskeli ililala stoo pamoja na mali nyingine huku mwenyewe akitembea kwa miguu. Tangu siku ile hakuniita Deo. Aliniita Namba.

"Shikamoo, mzee," nilikuwa nikimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba, Namba. Usinisogelee na hiyo brashi."

Vitu vya kupaka vilipopungua, nilihamishiwa kwenye jenereta. Na kwa kuwa jenereta ikikohoa kompyuta huzimika, kila mara nilisikia jina langu likiitwa kwa ukali kutoka chumba cha Dada Adelina. Yeye ndiye aliyekuwa mwandishi wa orodha. Alikuwa na miaka arobaini hivi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na hakuwa mtu wa kukusifu. Siku moja alichoka kuniita, akasema: "Deo, afadhali ukae humu humu. Angalau ukiiua kompyuta uione inavyokufa."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi hii. Hakunifundisha kwa mihadhara. Alinifundisha kushika chuma cha kasha kwanza kabla ya kugusa kitu cha ndani, ili umeme wa mwilini uondoke. Alinifundisha kuweka skrubu kwenye kisoda, zile ndefu peke yake na zile fupi peke yake. Alinifundisha kutoa vumbi kwa pampu ya baiskeli, na vumbi la Ngara mnalijua, ni jekundu na linaingia hata kwenye yai. Hayo matatu bado ni kweli leo. Mengine yamepitwa.

Orodha yenyewe ilikuwa ya watoto waliopotezana na wazazi njiani wakati wa kukimbia. Kadi za karatasi zilikuwa maelfu, zimetawanyika katika ofisi saba, nyingine kambini, nyingine mbali huko. Kila ofisi ilituletea majina kwa disketi, Dada Adelina akayaingiza, na kompyuta ikalinganisha: mtoto anayetaja jina la mama na mama anayetaja jina la mtoto. Wakati mwingine yalilingana. Mara nyingi hayakulingana. Disketi zilikuwa chache, kwa hiyo ikishasomwa ilifutwa na kurudishwa ilikotoka ikalete majina mengine. Tuliomba disketi za kuhifadhia nakala. Ombi lilikuwa linashughulikiwa. Kwa kadiri ninavyojua, bado linashughulikiwa.

Mama mmoja aliitwa Goreti. Alipotezana na binti yake Imakulata, mtoto akiwa na miaka mitatu, usiku mmoja wa kukimbia, na miaka minne ilikuwa imepita. Kila Jumanne alitembea kutoka kambini, akakaa kwenye benchi la nje, akauliza, akajibiwa bado, akashukuru, akarudi. Yeye alisema Kirundi, mimi Kihangaza, na lugha hizo ni jirani kiasi cha kuazimana chumvi, kwa hiyo tulielewana vizuri. Hapa ninayaandika maneno yake kwa Kiswahili.

Alhamisi kabla ya Pasaka, karibu na muda wa kufunga, Dada Adelina aliniita nione skrini. Majina yalikuwa yamelingana. Imakulata, jina la mama Goreti, jina la kilima walikotoka, vyote. Utepe wa wino wa printa ulikuwa umekauka, na watu walikuwa wanawahi ibada. "Jumanne nitakuja na utepe mpya kutoka kwetu," alisema, "na yeye atakuwa benchini kama kawaida." Tukazima, tukaenda kanisani. Mimi niliimba kwa sauti kuliko siku zote.

Jumanne Goreti alikuwa benchini, mvua inanyesha. Dada Adelina alikuwa ametoka kuweka utepe mpya na kuwasha mashine. Ndipo radi ikapiga. Redio ilipasuka kama bisi, na kasha la kompyuta likatoa harufu ya nywele zilizoungua. Sitasahau jinsi Dada Adelina alivyobaki ameshika karatasi tupu, tayari kuilisha printa.

"Ulisoma mtoto yuko wapi?" nilimuuliza.

"Nilisoma jina," alisema. "Nilifurahi mno nikaacha kusoma mahali." Alikuwa mtu wa kusema ukweli hata unapomuumiza mwenyewe.

Niliwekwa mlangoni nikamwambie Goreti. Kulikuwa na utaratibu kwamba mzazi haambiwi lolote mpaka karatasi iwe mkononi na alama za mtoto zihakikiwe. Mara moja, kabla sijaajiriwa, baba mmoja aliambiwa mapema, akauza godoro akanunua nguo za mtoto, na mtoto hakuwa wake. Dada Adelina hakutaka kuiona siku kama ile tena.

"Mashine imeharibika," nilimwambia Goreti.

"Niliisikia." Alikunja khanga yake taratibu. "Basi, Deo, nimekuja kuaga. Nimejiandikisha kurudi. Lori letu linaondoka Jumamosi."

"Ukivuka, tutakupata wapi?"

"Sijui kama nyumba ipo. Sijui nitalala wapi. Mnipate wapi?"

Nilielewa hapo hapo. Akivuka Jumamosi, jina la mtoto litakuwepo na jina la mama halitakuwa na mtu. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika kwenye meno.

"Njoo Alhamisi," nikasema.

"Alhamisi kuna nini?"

"Njoo tu."

Alinitazama machoni. "Wewe hujui kudanganya."

"Ndiyo maana nanyamaza, mama."

Tulifungua kasha. Bodi kubwa ilikuwa na doa jeusi upana wa kucha, na kile kisanduku cha kuingizia umeme kilikuwa kimevimba. Lakini diski, lile tofali dogo la chuma linalotunza kila kitu, halikuwa na alama ya moto. Dada Adelina aliliweka sikioni akalitikisa polepole kama anayechagua nazi. "Huenda iko hai," alisema. "Inahitaji nyumba nyingine."

Nyumba nyingine ilikuwepo stoo, katika vipande. Kompyuta mpya ilikuwa imeletwa tangu Januari ndani ya maboksi manne: kasha, bodi, vifaa vya ndani, na diski mpya ambayo ilikuwa imeshawekewa programu. Ilikuwa ikimsubiri fundi kutoka Mwanza aje aiunganishe. Fundi alikuwa anakuja wiki ijayo, na alikuwa anakuja wiki ijayo tangu Januari hiyo hiyo. Dada Adelina alitandika blanketi mezani, akafungua kitabu cha maelekezo, akasema, "Sisi ndio fundi."

Tuliijenga Jumanne ile ile, kuanzia saa tano hadi jioni. Sitadai tulikuwa hodari. Bodi tuliifunga skrubu zote kisha tukakuta tumesahau vile vijiguu vya chini yake, tukafungua zote tena. Waya za taa ya mbele tulizigeuza. Lakini saa kumi ilipowashwa ililia mlio mmoja mfupi, na Dada Adelina akapiga makofi mara moja, pa, kisha akajirekebisha uso kana kwamba si yeye.

Kisha tukaleta diski ya zamani tuiweke pembeni ya diski mpya. Diski za siku zile ziliungwa na mkanda mpana wa waya, bapa kama utambi wa jiko la mafuta, wenye mstari mwekundu ukingoni. Mstari mwekundu unakaa upande wa pini ya kwanza. Ukikosea, hakuna kinacholipuka, ila hakuna kinachofanya kazi pia, na utakaa saa nzima unalaumu vitu visivyo na hatia. Diski mbili zilitumia mkanda mmoja, kwa hiyo ilibidi kila moja ielezwe nafasi yake kwa kikofia kidogo cha plastiki kinachovalishwa pini za nyuma: huyu mkubwa, huyu mdogo. Zetu zote mbili zilikuwa zimevalishwa ukubwa. Tulipowasha, hakuna iliyoonekana.

"Wakubwa wawili nyumba moja," Dada Adelina alisema. "Mvue huyu wa zamani."

Nilikivua kikofia kwa kibano cha nyusi alichokuwa nacho mkobani, nikakihamisha. Tukawasha. Diski mpya ikaonekana. Ya zamani haikuonekana. Kitabu kilieleza kwamba diski nyingine za zamani hazijui kujitambulisha. Lazima mtu aingize mwenyewe tarakimu zake tatu, idadi ya silinda, ya vichwa na ya sekta, na tarakimu hizo zimechapwa kwenye lebo ya diski.

Dada Adelina aliigeuza diski. Hapakuwa na lebo. Palikuwa na mraba mweupe safi, umenyooka pembe zote nne, na juu yake namba nyekundu.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Deo. Huu ni mwandiko wa nani?"

"Wangu, dada."

"Na hii rangi?"

"Mikono miwili. Wa kwanza haukufunika vizuri."

Nilimweleza yote. Mwaka wangu wa kwanza stoo, yeye akiwa likizo, wakaguzi walikuwa wanakuja, na kompyuta ilikuwa imeachwa wazi ipulizwe vumbi. Nikachungulia ndani nikaona kisanduku cha chuma kisicho na namba, na kinaweza kubebwa. Hata kile kitundu kidogo cha kupumulia cha diski nilikuwa nimekikaribia upana wa unywele.

"Ungekuwa mvivu kidogo tu," alisema, "tungekuwa tumeshamaliza."

Nilijaribu tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kwenye pembe moja kwa ncha ya njiti ya kiberiti. Rangi ilitoka, na lebo ikatoka nayo, wino na karatasi pamoja. Alinishika mkono. "Acha. Ukiendelea utabaki na chuma kitupu." Nje walikuwa wanafunga madirisha. Mimi nilikuwa namfikiria Goreti anapanda lori kwa sababu ya mkono wangu wa pili wa rangi.

Na hapo hapo nikakumbuka sheria. Kabla ya kupaka, nakili.

"Dada," nikasema, "niliandika."

"Uliandika nini?"

"Kila kitu. Kimombo chote kilichokuwa juu yake. Sikukielewa, lakini nilikiandika."

Rejista ile ya zamani haikuwa Ngara. Ofisi ilipopunguzwa, majalada yote yalipelekwa kwenye stoo ya Biharamulo. Redio ilikuwa imekufa, kwa hiyo hatukuweza kumwomba mtu aitafute. Lakini kesho yake Jumatano lori lilikuwa linakwenda Biharamulo kuchukua mablanketi, na dereva wake mnamjua.

"Shikamoo, mzee. Naomba lifti."

"Marahaba. Unakwenda kupaka nani?"

Nilimweleza kila kitu, na nilipofika kwenye mraba mweupe alicheka mpaka akaegemea usukani na honi ikalia. "Mpaka tumbo la kompyuta! Nilidhani ni baiskeli yangu tu! Panda, Namba, panda. Leo nakupeleka mwenyewe." Siku zile, kwa hofu ya majambazi, magari yalipita msitu kwa msafara na askari, yote pamoja, kwa hiyo tulikwenda kwa mwendo wa gari bovu kuliko yote. Mzee Sospeter alinisimulia tena habari ya baiskeli, tangu mwanzo, pamoja na zile barua tatu. Alikuwa anazijua kwa moyo.

Mtunza stoo wa Biharamulo, Bwana Twaha, alikuwa mtu mpole aliyeandika kitu chochote kilichoingia hata upepo. Aliniketisha katikati ya majalada, mgongo wangu ukiegemea kabati la kadi za watoto wa ofisi ile. Rejista yangu ilikuwa chini kabisa, panya wameonja jalada. Nilifungua kurasa. Toroli. Birika. Baiskeli moja, imefutwa kwa mstari na sahihi tatu. Kisha, kwa mwandiko wangu wa kijana: "Kisanduku cha chuma cha ndani ya kompyuta, kizito, hakina kazi inayoonekana." Chini yake nilikuwa nimenakili mistari tisa ya Kimombo, herufi kubwa kwa herufi kubwa, mpaka onyo la kutoziba kitundu. Na katikati ya mistari hiyo, tarakimu tatu.

Niliandika kwenye karatasi mbili, moja nikaiweka mfukoni na moja kwenye soksi. Bwana Twaha aliniuliza kwa nini soksi. Nikamwambia nimeshaharibu vya kutosha.

Alhamisi asubuhi Dada Adelina aliingiza tarakimu moja moja, mimi nikizisoma, yeye akizirudia. Kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho alinigeukia. "Sikiliza hapa, hili usilisahau. Diski unayoiokoa unaisoma tu, huiandikii. Mashine ikikuuliza kama irekebishe, sema hapana. Ikikuuliza kama isafishe, sema hapana. Inakuwa na huruma sana mashine ikitaka kukuharibia." Nimewafundisha wengi maneno hayo, na sikuwaambia ni ya nani. Ni yake.

Akabonyeza. Diski ya zamani ikaanza kukwaruza, krr, krr, kama kuku anayetafuta. Skrini ikakaa nyeusi muda ambao sikuupima. Kisha jina la diski likatokea, chini ya diski mpya, kama mdogo anayeitikia. Orodha ilikuwa yote. Kabla ya kufanya kitu kingine alinakili kila faili kwenda diski mpya, na mimi nikakaa mlangoni kuzuia mtu yeyote asiingie na kikombe. Ndipo akatafuta jina, akachapa karatasi moja, na ilipotoka aliisoma mpaka mwisho, mahali kwanza.

"Kaniha," alisema. "Anaishi na mjane mmoja mkulima, Kaniha."

Kaniha iko Biharamulo. Kadi yake ilikuwa kwenye lile kabati nililokuwa nimeegemea. Dada Adelina, ambaye angeweza kusema mengi, aliniachia.

Goreti alifika saa sita, na mzigo wake kichwani, amefunga kila alicho nacho. Dada Adelina alimketisha ndani, akaigeuza karatasi kifudifudi mezani. Ndivyo ilivyotakiwa: unauliza kwanza, halafu unasoma.

"Mtoto wako ana alama gani mwilini?"

"Kovu la uji wa moto. Mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo." Alijishika. "Nilikuwa nimeuweka chini upoe. Kosa lilikuwa langu."

Dada Adelina akaigeuza karatasi, akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti. Kovu, mkono wa kushoto, kwenye kifundo. Goreti hakupiga kelele. Aliushusha mkono wake taratibu mezani, akauliza, "Anakula?" Kisha akaomba tumwondolee jina lake kwenye lori la Jumamosi.

Ijumaa tulikwenda wanne, Goreti, Dada Adelina, mimi, na Mzee Sospeter, aliyekataa kata kata kumwachia dereva mwingine safari ile. Alikuwa na sharti moja: msafara wa kurudi ulikuwa unaondoka Nyakanazi, pale njia panda, saa nane, tukichelewa tunalala huko, na yeye hakubeba shuka. Goreti alikaa mbele, mzigo mapajani, macho barabarani, hadi Nyakanazi. Hapo alisema tu, "Lori hili lina mwendo mdogo." Mzee Sospeter, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo akabaki salama, akakanyaga mafuta.

Mama Paulina, yule mjane, alikuwa anaanika mahindi uani. Aliliona lori, akatuona sote, akauacha ungo chini. Alijua. Alimwokota mtoto njiani, akampeleka mwenyewe kwa mwenyekiti wa kijiji aandikwe, na kwa miaka minne hakuna aliyekuja. Aliita jina mara moja, na msichana wa miaka saba akatoka nyuma ya nyumba na dumu tupu la maji, mrefu kwa umri wake, nywele zimesukwa upya.

Imakulata alitutazama. Alikuwa analelewa vizuri, kwa hiyo alifanya alivyofundishwa. Aliweka dumu chini, akaanza na mtu wa karibu zaidi, akapiga goti kidogo kwa mama yake mzazi.

"Shikamoo."

Goreti alikuwa anautazama mkono wa kushoto wa mtoto. Kovu lilikuwa pale, kwenye kifundo. Dada Adelina alimgusa kiwiko.

"Mtoto amekuamkia, mama."

"Marahaba," Goreti alisema. Ilitoka kama pumzi.

Kirundi chake mtoto alikuwa amekisahau. Alijua Kisubi, lugha ya huko, na Kiswahili cha shule. Goreti alifungua mzigo wake hapo hapo chini, akatoa vyombo, akatoa blanketi, na chini kabisa akatoa gauni la bluu la mtoto wa miaka mitatu. Imakulata alilichukua, akajipima kifuani. Lilimfikia juu ya kitovu.

"Hili ni la mtoto," alisema.

Mama Paulina alicheka kwanza. Kisha Goreti, na alikuwa na kicheko kikubwa ambacho sikuwahi kukisikia kwenye benchi letu, kicheko cha mtu wa sokoni. Mtoto naye akacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Dada Adelina alivua miwani yake akaifuta, ingawa hapakuwa na vumbi siku ile. Mama Paulina alimshika Goreti mkono, akamwingiza jikoni, akasema hakuna atakayezungumza habari ya nani anakwenda wapi kabla ndizi hazijaiva. Mtoto akawafuata na gauni begani.

Saa saba ilipita. Mzee Sospeter alikuwa ameshakaa nyuma ya usukani. Alipiga honi mara moja. Hakuna aliyetoka. Akapiga tena, ndefu. Kutoka jikoni zilisikika sauti za wanawake watatu, Kisubi na Kirundi vinagongana, na mtoto akirekebisha Kisubi cha wageni. Dada Adelina alikuwa humo humo anatafsiri. Mimi nilisimama kati ya lori na mlango, sijui nimwite nani.

Basi Mzee Sospeter alizima gari. Alishuka, akaomba kiti. Imakulata akamletea kigoda, akampa kwa mikono miwili. Mzee alishukuru, akakiinua, akakigeuza chini juu akakikagua miguu yote mitatu kutafuta mraba mweupe, akanitazama, na ndipo akakaa.